Daktari Aliuliza, Wifi Yangu Akajibu

Kama wewe ni kiziwi na kifua kinakubana, au kama una mtu kiziwi nyumbani na kesho unampeleka hospitali, kaa chini usome hii. Sitakueleza kifua kikuu ni nini, hayo yana watu wake. Nitakueleza nilivyokaa mwaka mmoja na nusu kwenye mabenchi, watu wakizungumza juu ya mwili wangu mbele ya macho yangu, na mimi kama mbuzi aliyeletwa sokoni. Sasa nimepona. Hasira haijapona, na sina haja ipone.

Naitwa Faida. Nakaa Mangobo, hapa Kisangani, na mume wangu Salumu, anayepakua mizigo ya ndege kule Bangboka. Nilizaliwa nikisikia. Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari homa kali ya kichwa iliponiangusha, na nilipoinuka kitandani dunia ilikuwa imezimwa, isipokuwa kidogo upande wa kushoto. Nilimaliza shule kwa kunakili madaftari ya jirani. Diploma ninayo. Sauti yangu bado inatoka, ila watu wanasema inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Nataka ulielewe hilo sikio la kushoto, maana habari yote hii ni yake. Lilikuwa linanipa vitu vitatu. Honi ya meli ikikaribia bandari. Ngoma kubwa, ikiwa karibu. Na mtoto wangu Amina, akilia huku kichwa chake kiko juu ya bega langu la kushoto. Vilinifikia kutoka mbali, kama vinapanda kutoka chini ya maji, lakini vilifika. Mtu anayesikia kila kitu hawezi kujua utajiri wa vitu vitatu.

Amina alikuwa na miezi mitano nilipoanza kukohoa. Ulikuwa msimu wa matunda ya safu, watoto wote wa mtaa walikuwa na midomo ya zambarau. Mimi nilikuwa nakauka. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja na nusu kikaanza kunizunguka mara mbili. Nikioga, maji yalituama kwenye mashimo juu ya kifua changu, nikawa nayatazama yakitetemeka pale kila nikivuta pumzi, visima viwili vidogo, na nikasahau kuyamwaga.

Mara ya kwanza nilienda hospitali peke yangu. Asubuhi wafanyakazi walijipanga uani kwanza, kama kila mahali pa kazi, waimbie chama. Wanawake wa blauzi nyeupe walizungusha viuno, wanaume wa makoti ya abakosti walipiga makofi, midomo yote ikafunguka na kufungwa pamoja, na mimi nikawatazama bila sauti yoyote, jua likipita katikati ya vumbi lao. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ilikuwa kama kuingia katika ndoto ya mtu mwingine. Halafu wakaingia ndani, mlango ukafunguliwa, na infirmier, yaani muuguzi, akaanza kuita majina.

Yeye huita akitazama karatasi. Hainui kichwa. Niliukazia macho mdomo wake mpaka yakatoka machozi. Watu waliinuka mmoja mmoja, benchi likazidi kuwa refu, jua likahama kutoka miguuni mwangu likapanda ukutani. Mchana akafunga mlango. Nilimfuata, nikamwekea kalamu mkononi. Akaandika: "Nimekuita mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa mita mbili mbele yake.

Basi Salumu akasema dada yake mkubwa anisindikize. Huyo ni Zaina, wifi yangu, mshonaji, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mikono mizuri, ila mikono hiyo inajua cherehani tu. Lugha yetu ya mikono hakuijua hata neno moja. Akitaka kuniambia kitu alifungua mdomo kama anaonyesha jino bovu.

Pale hospitali kuna kadi ya garde-malade, yaani ya jamaa anayemlinda mgonjwa. Kipande cha karatoni ya waridi chenye muhuri. Mgonjwa mmoja, kadi moja, na bila hiyo sentinelle, mlinzi wa mlangoni, hakupitishi. Tena ni ya waliolazwa. Sisi tunaokuja kwa miguu hatuna haki nayo. Lakini Zaina alizungumza dirishani kwa muda mrefu, akinyooshea masikio yangu kidole, akitikisa kichwa, akifuta macho, na akarudi na kadi. Aliifunga kwenye fundo la kitenge chake kiunoni. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Na mimi nilimshukuru, mjinga mimi.

Chumbani daktari aliketi chini ya picha ya Mkubwa wa nchi na kofia yake ya chui. Alikuwa na sharubu zilizofunika mdomo wote wa juu. Alimwuliza Zaina. Zaina akajibu. Akauliza tena, akaandika. Nilikuwa naangalia sharubu zikipanda na kushuka, kama nyasi za mtoni wakati mtumbwi wa pirogi unapita. Nusu saa nzima. Tulipotoka nikamwuliza amesema nini.

"U-TA-PO-NA," Zaina alisema kwa mdomo mkubwa, akajichoma mkono kwa kidole. "Shindano. Kila siku."

"Na mengine?"

"Mengine ni ya docteur."

Mengine niliyakuta nyumbani. Kitanda cha Amina kilikuwa kitupu. Daktari alikuwa amesema mtoto asikae karibu nami mpaka makohozi yangu yawe safi. Nilipobaki kuchomwa sindano ya kwanza, Zaina alitangulia kumwambia Salumu, Salumu akamvusha mtoto mto mpaka kwa mama yangu, kule Lubunga, na mimi mwenyewe nikawa wa mwisho kujua. Nilipiga kelele. Sijui kelele hiyo ilikuwaje, lakini majirani walikuja mpaka mlangoni, na Salumu alikuwa anatazama sakafu, midomo yake ikirudia neno moja: pardon, pardon.

Sikatai kwamba mtoto alipaswa kuondoka. Nasema ningembeba mwenyewe mpaka ukingoni.

Toka siku hiyo nilihesabu muda kwa sindano. Sindano ya tano, ya sita. Asubuhi nachomwa, kisha nateremka mpaka mtoni. Mama yangu alikuwa amejitungia desturi: Amina akiamka salama, anatandika kitenge cha njano juu ya mawe, upande wao. Mto pale ni mpana, mtu wa ng'ambo ni kama punje ya mchele. Lakini njano niliiona. Nilikaa nikiitazama, magugu ya maji yakipita polepole na maua yao, jua likinichoma mgongoni, na wakati mwingine nilifikiri kwamba ni mimi ninayepita na kwamba ukingo ndio umetulia unaniangalia.

Kwenye sindano ya kumi na tisa ardhi ilianza kulegea. Nilitembea kama mtu aliyesimama ndani ya pirogi, nikishika kuta. Sikio la kushoto likajaa mlio, kama nyenje wengi, ambao haukuwa wa kitu chochote cha duniani. Sindano ya ishirini na tatu, nilikuwa karibu na bandari nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua niliona vichwa vya watu wote vikigeuka pamoja upande mmoja. Wachuuzi, wabeba mizigo, askari, hata mbwa. Nikageuka kama wao. Meli ilikuwa imekwisha kupita kona ya mto, karibu kabisa. Ilikuwa imepiga honi, na mimi sikupata kitu.

Nilikaa chini pale pale.

Nilimwambia Zaina. Akasema ni dawa inafanya kazi. Nikasema amwulize daktari. "Docteur iko na bagonjwa mingi, Faida. Usimuchokeshe." Nikaandika barua kwa Kifaransa kizuri, nikampa daktari mkononi. Aliisoma, akainua macho, akamwuliza Zaina kitu. Zaina akacheka kidogo, akajibu. Daktari akaiweka barua yangu chini ya faili na kunipigapiga bega. Diploma yangu, Kifaransa changu, vyote viliingia chini ya faili.

Ndipo nilipokwenda kwa Mama Bitota.

Mama Bitota anauza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni. Anasikia vizuri. Lakini mdogo wake Lokwa, fundi seremala, ni kiziwi tangu kuzaliwa, na yeye ndiye aliyemlea, kwa hiyo mikono yake inaongea kama yetu, hata tukikutana sisi viziwi Jumapili nyuma ya karakana ya Lokwa, anakuja kucheka nasi. Nilimkuta anapanga kwanga zake. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, yaani alinitazama mpaka mwisho, kisha mikono yake ikasema: "Nitakuja. Lakini meza hii nitamwachia nani? Nikiondoka asubuhi, wateja wanahamia kwa jirani na hawarudi."

Lokwa alikuwa pale. Akajigonga kifua. "Sisi."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku za hospitali, viziwi wawili wawili walikaa kwenye meza ya kwanga. Mteja anaonyesha kidole, anapewa. Mteja anaanza kulalamika kwamba kwanga ni ndogo, Lokwa anatabasamu na kumwonyesha masikio yake. Mama Bitota alisema hajawahi kuuza vizuri hivyo.

Ilibaki kadi. Asubuhi hiyo tulifika mlangoni mimi, Mama Bitota, Zaina, na Salumu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini. Sentinelle akanyoosha kidole kimoja.

"Kadi moko, mutu moko."

Zaina alishika fundo lake. "Ni mimi. Huyu mama ni nani kwetu?"

"Dada, mwachie leo tu," Salumu alisema.

"Nimwachie? Muuza kwanga? Ugonjwa wa nyumba yetu, kesho soko nzima inajua! Na we Salumu, unashindwa na bibi yako, unamwangalia tu!"

Najua walisema hivyo kwa sababu Mama Bitota alinipa yote, neno kwa neno, bila kubadili uso, pamoja na matusi yake mwenyewe. "Anasema mimi ni muuza kwanga tu. Anasema nitatangaza sokoni." Kwa mara ya kwanza tangu niugue nilikuwa ndani ya mazungumzo juu yangu. Kizunguzungu chote, na bado nilijisikia nimesimama mahali.

Nikanyoosha mkono kiunoni mwa wifi yangu, nikafungua fundo, nikachukua kadi.

Mbele za watu, ndiyo. Kitenge kikalegea, akakishika kwa mikono miwili. Benchi zima lilicheka, niliona meno. Nilimpa Mama Bitota kadi, tukaingia. Wanaoona nilikosa adabu, wana haki yao. Wakae nayo.

Daktari alimtazama Mama Bitota, akaanza: "Mwambie awe na moyo, maendeleo ni—"

"Docteur," Mama Bitota alisema, huku mikono yake ikinieleza, "mi siko mugonjwa. Muangalie ye."

Akaniangalia. Mwezi mzima, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba macho yake yamechoka, na kwamba si mzee.

Nikasema kwa sauti yangu ya ndani ya pipa: "Sikio langu la kushoto lilikuwa linasikia. Sasa linakufa. Tangu sindano. Kwa nini?"

Kisha daktari alifungua faili langu, akaligeuza kwangu, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Kiziwi kabisa, pande zote mbili. Chini yake jina la aliyejibu: Zaina.

"Siku ya kwanza niliuliza," alisema, na mikono ikaniletea. "Niliuliza kama kuna chochote unachosikia, kwa sababu dawa hii inaweza kula masikio. Aliniambia hapana, hata radi. Barua yako ilipokuja nikamwuliza tena. Akasema ni mawazo ya ugonjwa. Nikaona hakuna cha kupoteza. Nilipaswa kukuuliza wewe, citoyenne."

"Ulikuwa na kalamu," nikasema.

"Nilikuwa nayo."

Hakujitetea, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Kisha akanieleza. Sindano zilizobaki nikizimaliza, makohozi yangu yatasafika mapema, labda kabla ya msimu wa mbinzo, wale viwavi wa kula, na Amina atarudi. Lakini sikio litakwisha. Nikizisimamisha, kuna vidonge vingine. Havipo Kisangani. Vitapanda na meli kutoka Kinshasa, meli haina siku yake, na tiba itakuwa ndefu. Mtoto atakaa ng'ambo muda mrefu zaidi. Huenda ugonjwa ukarudi na nguvu katikati.

"Ni wewe wa kuchagua," mikono ya Mama Bitota ilisema.

Nikaomba nijibu kesho.

Nje, Zaina alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi. Nilisimama mbele yake na Mama Bitota kando yangu. "Kwa nini ulisema sisikii kitu? Unajua namsikia Amina. Umeniona."

Alilia kabla ya kujibu, na nilidhani ni ujanja. Halafu akasema, akimtazama Mama Bitota kwanza, kisha akajirekebisha mwenyewe, akanitazama mimi: "Dirishani walisema asiyelazwa hapewi kadi, ila asiyejiweza kabisa. Ningesema unasikia kidogo, wangekukatalia. Ungebaki tena peke yako pale, wakikuita, jua linakuhama. Donc nikasema hausikiake kitu. Na docteur alipouliza, ningesemaje? Dirisha na docteur ni ukuta mmoja. Wangetunyang'anya kadi." Akafuta pua. "Ile ya mambo ya dawa kula sikio sikuisikia vizuri, alisema Kifaransa mbio mbio. Na mi nilifika darasa la tatu, Faida. Niliona haya."

Alidanganya ili nisikae peke yangu. Nilitaka kumpiga. Nilikaa kando yake. Tulikaa hivyo, kadi ya waridi ikiwa mkononi mwa mwanamke mwingine, na wagonjwa wakapita mbele yetu polepole kama watu wanaotembea ndani ya maji.

Nyumbani Salumu aliandika kwenye daftari: "Unachagua sikio bovu kuliko mtoto?" Ilikuwa haki yake kuuliza. Nikaandika chini: "Amina ataishi na mimi miaka mingi. Nataka katika miaka hiyo awe na mlango mmoja wa kupitia." Alisoma muda mrefu. Alilifunga daftari taratibu.

Asubuhi nilimwambia daktari asimamishe sindano. Ilikuwa ya thelathini na moja. Hakunichoma ya thelathini na mbili.

Nisikudanganye, haikuwa rahisi. Meli ilichelewa. Mbinzo zilifika sokoni, wanawake wakazimwaga kwenye mabeseni zikijikunjakunja, watu wakala, zikaisha, na vidonge havijaja. Wiki tatu bila dawa yoyote nilikohoa damu kidogo, nikalala siku nzima nikitazama mwanga ukitembea juu ya mabati, nikiwaza kwamba nimejiua kwa kiburi. Zaina alinilisha uji. Hakuniambia "nilikuambia". Vidonge vilipofika, Salumu alivibeba kutoka bandarini akikimbia, nilimwona kupitia mlango wazi, mtu mzima anakimbia na mfuko wa karatasi kifuani.

Kadi tuliipigania vilevile. Daktari mwenyewe alitelemka mlangoni akamwambia sentinelle kwamba mkalimani si garde-malade. Mkalimani ni kama kifaa cha daktari, bila yeye tiba haifanyiki. Wakakata karatoni ya pili, nyeupe, na muhuri uleule. Mama Bitota hashiki yote peke yake sasa. Dada wa kiziwi mwingine anampokea siku za Alhamisi, na meza ya kwanga ina zamu zake. Kwa hiyo wewe unayesoma, usiende na jamaa yako akakusemea. Jamaa anakupenda, na mtu anayekupenda anajibu haraka. Njoo sokoni kwanza, uliza meza ya viziwi, utaonyeshwa. Ukiingia chumbani, daktari akimwangalia mwenzio, gonga meza. Omba uone walichoandika ukurasa wa kwanza. Kama hujui kusoma, omba usomewe kwa mikono. Wakikunja uso, waache wakunje.

Makohozi yangu yalitoka safi mara tatu mfululizo, msimu wa safu ukiwa umerudi na kupita. Nilivuka mto asubuhi yenye ukungu, mkono mmoja ndani ya maji, na Lubunga ikatokea kidogo kidogo, mti, paa, mtu. Amina alikuwa anatembea. Alinitazama kama mgeni, akajificha nyuma ya mama yangu. Ilichukua siku nyingi. Sitazieleza, ni zangu.

Sikio halikurudia hali yake ya zamani. Lilibaki pale lilipoachwa. Honi ya meli imekwenda. Ngoma ninaipata miguuni tu. Daktari aliniuliza kama najuta, nikamwambia bado sijajua, aniulize tena.

Sasa Amina ana miaka miwili na nusu. Akiwa na Zaina anaongea kwa mdomo, na mikono yake sasa imejifunza maneno kumi, yote ya chakula. Kwangu mimi ana njia yake. Juzi nilikuwa nachambua mchele. Amina alikuja, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayeshika chungu, akakigeuza, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto, akaita kwa nguvu zote. Maneno siyapati. Kitu kilipita, kidogo, chembamba, kikagusa.

Nikageuka. "Unataka nini?" nikamwuliza kwa mikono.

Akafikiri. Akajigusa shavu, akanionyesha: ndizi.

Nikainuka kumtafutia.